Diski imegoma: ujaribu mwenyewe, umpe fundi wa mjini, au uipeleke maabara?

Hadidiski inayokufa kwa kugonga haifichi: tik, tik, tik, kimya kidogo, kisha inaanza upya. Mara ya kwanza kuisikia nilikuwa mezani kwangu hapa Jinja, Uganda, siku mbili baada ya kurekodi video ya kwanjula moja, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi wa binti, kule Mukono. Kwa picha za harusi unaweza kumbembeleza bwana harusi avae suti tena. Kwanjula yenye wazee wa koo mbili, ssenga, yaani shangazi, akiwa amepiga magoti akimsemea binti, na vikapu vya zawadi vikiingia kimoja baada ya kingine, hairudiwi.

Niliichomoa na kuichomeka pengine mara kumi, kila mara nikiomba Mungu. Ikakataa. Nikapanda taksi ya abiria kumi na wanne hadi Kampala, nikaingia kwenye jengo moja la vijiduka vya kompyuta, na kijana mmoja mchangamfu akaipokea. "Usijali ssebo (bwana), tuifungue tuone." Kabla sijajibu, skrubu zilikuwa mezani na sahani ya ndani inayobeba data inang'aa chini ya feni ya darini. Sikujua kwamba nimehudhuria mazishi.

Tangu hapo nimeuguza diski nyingi, zangu na za watu, na swali ninaloulizwa ni lile lile: nijaribu mwenyewe, nimpe fundi, au niipeleke kwenye maabara ya mbali? Jibu langu huwaudhi watu kwa kuwa halianzi na bei. Linaanza na nani anaigusa kwanza, maana diski iliyoumia humpa mtu wa kwanza nafasi ambayo wa pili na wa tatu hawataipata.

Mwili mzima au mwili mgonjwa?

Kuna diski ambayo mwili wake ni mzima ila data imepotea: umefuta folda kwa makosa, mtoto amefomati, au Windows inakwambia diski haiwezi kutumika hadi ifomatiwe. Na kuna diski iliyoumia mwili: imeanguka, inagonga, haizunguki, inanuka kuungua, au inasoma kwa kusuasua hadi kompyuta nzima inaganda. Programu ni dawa ya ile ya kwanza tu. Kuiendesha kwenye ile ya pili ni kumwambia aliyevunjika mguu atembee ili tuone kama kweli anaumwa.

Sababu iko ndani. Sahani za hadidiski huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, yaani mara 90 hadi 120 kila sekunde, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa nanomita chache tu. Unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Sasa fikiria punje ya vumbi la barabara ya Jinja mwezi wa Januari. Kwa kichwa kile, punje hiyo ni mlima. Na kichwa kikishapinda kwa sababu diski imedondoka kutoka mezani, kila unapowasha kinalima ule utando mwembamba wenye data. Utando ukigeuka unga, hakuna fundi duniani anayeurudisha.

Kwa hiyo weka sikio kwanza. Ikigonga au kukwaruza, chomoa na usiwashe tena. Ikiwa kimya kabisa na haizunguki, huenda bodi yake ya umeme imeungua, na hapa Uganda chanzo kimoja nakijua vizuri: adapta. Hadidiski kubwa ya mezani hutumia volti 12, chaja nyingi za laptopu hutoa 19, na kuna vichwa vya waya vinavyoingia popote. Umeme ukirudi kwa kishindo baada ya kukatika nao huua bodi vilevile. Ikizunguka vizuri na kompyuta ikaiona kwa jina lake na ukubwa wake halisi, una matumaini ya kujitibu. Ikionekana kwa jina geni au ukubwa wa sifuri, ugonjwa uko kwenye programu ya ndani ya diski yenyewe, na programu za kurudisha mafaili kama Recuva hazitafika huko.

Kipimo kingine cha bure ni CrystalDiskInfo, inayosoma kumbukumbu za afya ambazo diski hujiandikia. Mimi huangalia namba mbili tu za sekta, yaani vipande vidogo vya diski vinavyobeba data: sekta mbovu zilizokwisha hamishwa na zile zinazosubiri kuhamishwa. Sifuri na sifuri, endelea. Zikiwa mamia, acha kuitafutia mafaili na anza kuitolea nakala.

Ukijaribu mwenyewe

Hii ndiyo njia ninayoipenda, na ndiyo iliyoua diski nyingi kuliko umeme. Inafaa pale tu mwili ulipo mzima, au umeanza kuchoka lakini bado unasoma.

Kwa mafaili yaliyofutwa kwenye Windows, Recuva inatosha mara nyingi na ni rahisi kwa mtu yeyote. Kwa diski ambayo ramani yake ya mgawanyo imeharibika, TestDisk hurudisha ramani nzima na ukakuta folda zako zilivyokuwa. Ndugu yake, PhotoRec, hufanya kazi kwa njia nyingine: haisomi ramani, inapekua diski ikitafuta alama za mwanzo wa kila aina ya faili. Hizo mbili ni za bure. Ubaya wa PhotoRec ni kwamba inakurudishia mafaili bila majina wala folda. Nilipoitumia kwa picha za shule moja nilipata maelfu ya picha zenye majina ya tarakimu tupu, nikakaa wiki nzima nikitenganisha wanafunzi wa kidato cha nne na wa cha sita kwa kuangalia tai.

Kwa sisi wa video kuna balaa jingine. Kamera nyingi huandika faharasa ya faili la MP4 mwishoni, pale unapobonyeza kuacha kurekodi. Betri ikizima katikati, picha zote zipo lakini faili halifunguki. Hilo halihitaji maabara. Programu iitwayo untrunc hulijenga upya ikipewa faili jingine zima kutoka kamera ile ile, lililorekodiwa kwa mipangilio ile ile. Imeniokoa mara mbili.

Ila chombo ninachokiheshimu kuliko vyote hakina sura ya kupendeza hata kidogo: ddrescue, ya bure, inayoendeshwa kwa kuandika amri kwenye Linux unayoiwasha kutoka kwenye flashi. Programu za kawaida zikikutana na sekta mbovu hung'ang'ana nayo hadi diski inachoka. Hii inaruka, inakusanya kwanza sehemu zote nzima, ndipo inarudi kwenye mbovu kwa upole. Mimi huanza hivi:

ddrescue -d -n /dev/sdX nakala.img ramani.map

Herufi ya X ni ya diski mgonjwa, na ukikosea ukabadilisha chanzo na mahali pa kuweka, umeandika juu ya ile data uliyotaka kuiokoa. Lile faili la mwisho, ramani, ndilo linalonifanya niipende huku kwetu. Diski ya terabaiti moja kwenye tundu la zamani la USB 2.0 inaweza kuchukua saa nane au tisa hata ikiwa nzima, na hakuna mtu Jinja anayeweza kukuahidi saa tisa mfululizo za umeme. Ukikatika, unasubiri, unatoa amri ile ile, na ddrescue inasoma ramani na kuendelea pale ilipoachia. Nakala ikishakamilika, TestDisk na PhotoRec unazielekeza kwenye nakala. Mgonjwa unamwacha apumzike.

Sheria moja haina mjadala: mafaili yanayorudishwa hayawekwi kwenye diski ile ile yalikopotelea. Kilichoandikiwa juu kimekwenda. Kwa sababu hiyo hiyo, ufomati wa haraka unaacha data nyuma, lakini ule ufomati kamili wa Windows, tangu Vista, hujaza diski sifuri mwanzo hadi mwisho. Aliyeufanya asipoteze nauli kwenda kwa yeyote.

Na SSD, ile diski ya chipu isiyo na sahani? Hapa niwe mfupi kwa sababu habari si nzuri. Ukifuta faili kwenye SSD, mfumo huiambia diski kwamba nafasi ile haitumiki tena, nayo huisafisha yenyewe, mara nyingi ndani ya muda mfupi. Windows imekuwa ikifanya hivyo tangu Windows 7 ya mwaka 2009. Hivyo faili lililofutwa kwenye hadidiski ya zamani lina nafasi nzuri ya kurudi kuliko lililofutwa kwenye SSD mpya ya bei ghali. Watu hawaamini wakiambiwa hivyo. Ukigundua kosa papo hapo, zima mashine mara moja, ingawa mimi siweki dau. Flashi za kawaida na kadi nyingi za kamera hazina usafi huo, kwa hiyo usikate tamaa nazo mapema.

Fundi wa mjini

Nimekwisha simulia kisa changu kibaya, kwa hiyo acha nimtendee fundi haki. Kuna kazi ambazo yeye ndiye chaguo sahihi, kwa ubora na kwa bei, na kuipeleka diski maabara kwa ajili ya kazi hizo ni kumwita daktari wa upasuaji akutoe mwiba.

Ya kwanza: laptopu imekufa, watu wanadhani data nayo imekufa. Mara nyingi diski iko salama kabisa, inachohitaji ni kutolewa na kuchomekwa kwenye mashine nyingine kwa waya wa kuunganishia. Dakika kumi. Tofauti ni MacBook za miaka ya karibuni, ambazo hifadhi yake imeunganishwa kwenye bodi na data imefungwa kwa msimbo wa siri, hapo lazima bodi yenyewe ifufuliwe. Laptopu za Windows 11 nazo nyingi hufunga diski kwa BitLocker, kufuli la msimbo la Windows, bila mwenyewe kujua, kwa hiyo kabla ya kwenda ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft utafute ufunguo wa kufungulia. Bila ufunguo huo fundi na maabara wako sawa: wote mikono mitupu.

Ya pili: kasha la diski ya nje. Tundu la USB limelegea, au bodi ndogo ya ndani ya kasha imeungua, lakini diski yenyewe ni nzima. Fundi huitoa kwenye kasha na kuiunganisha moja kwa moja. Lakini kuna diski za nje, kama nyingi za WD My Passport, ambazo tundu la USB liko juu ya bodi ya diski yenyewe, na data hupita kwenye kufuli la bodi hiyo. Anayeichukulia kama nyingine ataharibu.

Ya tatu: bodi iliyouawa na volti nyingi. Kwenye bodi kuna kijidude cha ulinzi ambacho hujitoa mhanga, na fundi mwenye kipimo na mkono mtulivu anaweza kukiondoa diski ikazunguka tena ili data itolewe. Ila ukimsikia akisema atakubadilishia bodi nzima kutoka diski nyingine ya aina hiyo hiyo, muulize habari ya chipu ndogo inayobeba vipimo vya diski hiyo pekee. Zamani bodi zilibadilishwa hivi hivi. Leo, chipu isipohamishwa, diski haitaitambua bodi, au itaanza kugonga.

Siku hizi kabla ya kumkabidhi mtu diski huwa nazungumza naye kwanza, tena kwa adabu, maana fundi aliyeudhiwa hufanya kazi haraka.

"Kaka, ukiipokea hii utaanza na nini?"

"Nitaitolea nakala kwanza, ssebo, halafu nifanyie kazi nakala."

Huyo nampa. Mwingine aliwahi kuniambia, "Tunaifomati kwanza ndiyo data zirudi." Nilimshukuru, nikamuuliza choo kiko wapi, sikurudi. Naye anayesema ataifungua aangalie, muulize ataifungulia wapi. Meza yenye kikombe cha chai si mahali pa kufungulia diski.

Kuna jambo la siri pia. Diski yako ina picha za nyumbani, mishahara ya watu, labda majibu ya hospitali. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na ukiwa na data za wateja wako, wewe unayeibeba diski ndiye unayewajibika kwao. Keti hapo hapo kama kazi ni ya saa moja. Kama ni ya siku, andikianeni hata karatasi moja: namba ya diski, kazi gani, na kwamba nakala zitafutwa baada ya kukabidhiwa.

Maabara

Maabara ya kweli utaitambua kwa mambo mawili: chumba au kabati lenye hewa iliyochujwa ambamo diski hufunguliwa, na mashine maalumu za kuzungumza na diski kwa lugha yake ya ndani, PC-3000 ikiwa ndiyo maarufu kuliko zote. Ukisikia duka la Kampala, Nairobi au kwingineko linadai lina chumba safi, omba ukione, hata kwa picha. Asiyetaka kukuonyesha amekujibu.

Kinachofanyika humo ni upandikizaji. Vichwa vilivyovunjika hutolewa na kuwekwa vingine kutoka diski mfadhili, na si ya aina moja tu bali inayokaribiana nayo hata kwa namba ya modeli na toleo la programu ya ndani. Hapo ndipo siku zinapokwenda: kumtafuta mfadhili. Ndipo na fedha zinapokwenda. Kwa kazi ya vichwa, bei za kimataifa ni mamia ya dola, na hupita elfu moja bila shida. Dola 500 kwetu ni zaidi ya shilingi milioni moja na nusu. Maabara nyingi hupima kwanza, zinakupa bei, na zina kanuni ya kutolipisha data isipopatikana, ingawa gharama ya mfadhili mara nyingine hairudishwi. Uliza kabla. Na usiseme "nataka vyote". Sema folda tatu unazozililia, ili vichwa vya kuazima vikidumu saa mbili tu, saa hizo zisiishie kwenye filamu za kuigiza.

Kwa diski inayogonga, iliyoanguka ikiwa inazunguka, au iliyoloa maji, sioni mshindani wa maabara. Ukubwa wa ajali si kipimo. Chombo cha anga za juu cha Marekani, Columbia, kilisambaratika angani tarehe 1 Februari 2003, na kati ya mabaki kukapatikana hadidiski iliyoungua hadi sura ikapotea. Kampuni ya Ontrack ya Marekani ikatoa humo karibu asilimia 99 ya data ya jaribio la kisayansi, kwa kuwa sahani hazikuwa zimepinda, na majeraha yake yaliangukia sehemu ambazo data haikuwa imeandikwa. Ile ya kwanjula yangu ilianguka kutoka mezani tu, na maabara ikanionyesha picha ya sahani yenye duara la kijivu, mahali vichwa vilipolima usiku ule nilipokuwa naichomeka na kuiomba. Walisema wangeweza kuitazama vizuri zaidi kama isingekuwa imefunguliwa. Walisema kwa upole.

Usafiri nao ni sehemu ya gharama. Mabasi ya Kampala kwenda Nairobi hupita hapa Jinja, na wengi hukabidhi kifurushi kwa kondakta. Mimi nasema ibebe mapajani, au mpe mtu wako, ikiwa kwenye mfuko wa kuzuia umemetuli, sponji pande zote, boksi gumu nje. Usiitie kwenye mchele hata kama imeloa. Wala kwenye friji: umande unaotokea ikitoka huko hutua juu ya sahani.

Flashi na kadi ndogo zina mkondo wao. Iliyovunjika shingo, fundi wa simu mwenye darubini anaweza kuiunganisha. Ile kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu (microSD) ni kipande kimoja kisicho na chipu ya kutoa, na kuisoma huhitaji nyaya nyembamba kama utando wa buibui, kazi ya maabara. Na ile flashi ya "terabaiti moja" uliyonunua kwa bei ya chapati? Nyingi zina gigabaiti chache zilizodanganywa ukubwa. Kilichoandikwa zaidi ya hapo hakikuwahi kuwepo. Ipime kwa programu ya H2testw siku unayoinunua.

Nikizipanga bega kwa bega

Shilingi laki moja mfukoni na diski nzima ya mwili: jaribu mwenyewe, kwenye nakala. Laki moja na bodi iliyoungua au laptopu iliyokufa: fundi, baada ya yale maswali. Laki moja na diski inayogonga: usimpe fundi kwa sababu tu laki moja ndiyo uliyonayo. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Hawachagui dawa ya ugonjwa, wanachagua dawa ya mfuko.

Kwa huyo wa mwisho kuna njia ya nne ambayo hakuna duka litakalokutajia kwa kuwa haiuzwi: kusubiri. Hadidiski isiyowashwa, iliyowekwa pakavu, hukaa miaka bila data yake kuondoka kwenye sahani. Unaweza kuchangisha polepole na kuipeleka maabara mwakani ikiwa katika hali ile ile ya leo. SSD na flashi hazina subira hiyo, chaji inayoshika data huvuja taratibu, kwa hiyo hizo usiziweke muda mrefu.

Mjomba wangu ana hadidiski inayogonga yenye sauti ya babu akisimulia ukoo wetu, saa sita za mazungumzo alizorekodi mwenyewe kijijini. Familia bado inachanga. Diski iko kabatini kwangu, ndani ya sponji, na juu ya boksi nimebandika karatasi yenye maandishi makubwa: USICHOMEKE, HATA KIDOGO TU.